Wema Wenye Gharama: Familia za Kawaida Katika Filamu

Filamu kuhusu familia za kawaida zinazojitahidi kuishi kwa uaminifu ni sehemu ndogo ya sinema ya dunia, lakini ina historia ndefu na nguvu isiyolingana na udogo wake. Wahusika wake hawana cheo wala umaarufu. Baba anatafuta kibarua, mama anahesabu kilichobaki kwenye kibubu, watoto wanaficha jambo ili wazazi wasiongezewe mzigo. Hakuna jambazi anayekimbizwa kwa magari, na mara nyingi hakuna hata adui. Hata hivyo kazi za aina hii, zilizotengenezwa Roma, Kolkata, Tokyo, Tehran, Los Angeles na Kampala, zimewafanya watu wengi watoke ukumbini wakiwaamini binadamu wenzao kuliko walipoingia.

Kufikia hapo ni kazi ngumu, kwa sababu wema ni mgumu kuigiza kuliko ubaya. Mhusika asiye na doa humchosha mtazamaji, na yule anayezawadiwa kwa kila jema alilotenda humfanya ahisi anadanganywa, kwa kuwa maisha anayoyajua hayaendi hivyo. Filamu zilizofaulu zimekwepa mitego yote miwili kwa njia moja: zimeonyesha bei. Jozi ya viatu, mashuka ya kitandani, bonasi ya kazini, chupa ya sake iliyoazimwa kwa jirani. Mtazamaji anaonyeshwa bayana wema utamgharimu mhusika kiasi gani, kisha anamwona akiutenda. Tumaini huzaliwa hapo, na ndiyo maana filamu kadhaa kati ya hizi huishia pabaya bila kumkatisha mtu tamaa.

Mkondo huu kwa sura yake ya leo ulipata nguvu Italia, mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Studio kubwa za Cinecittà mjini Roma zilikuwa zimegeuzwa kambi ya wakimbizi, fedha zilikuwa haba, na waongozaji kama Roberto Rossellini na Vittorio De Sica wakatoka na kamera zao mitaani. Mwaka 1948 De Sica alitoa Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, akishirikiana na mwandishi Cesare Zavattini. Mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kuigharamia iwapo nafasi ya baba angepewa Cary Grant. De Sica alikataa. Akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwahi kuigiza, na mama akachezwa na mwandishi wa habari, Lianella Carell. Uamuzi huo ulikuwa na maana zaidi ya kubana matumizi. Mtazamaji aliyemzoea Grant akiwa amevaa suti angejua moyoni kwamba mtu huyu hawezi kulala njaa. Kwa Maggiorani, mwenye mashavu yaliyobonyea na mwendo wa mtu aliyechoka, hapakuwa na hakikisho la namna hiyo.

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa muda mfupi. Antonio Ricci, aliyekaa muda mrefu bila kazi, anapata kazi ya kubandika mabango, lakini sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani na kwenda kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Karani anapokea furushi, kisha anapanda nalo rafu ndefu zinazokaribia dari, na rafu zote zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayesema neno kuhusu ukosefu wa ajira Roma. Picha ile inatosha: kila furushi ni nyumba ambayo watu wake usiku huu wamelala kwenye godoro tupu.

Siku ya kwanza kazini, wakati Antonio akilainisha bango la Rita Hayworth ukutani, baiskeli inaibwa. Jumapili nzima yeye na mwanawe Bruno wanazunguka masokoni kuitafuta. Polisi wanaandika maelezo na kuishia hapo. Mwizi anapopatikana, mtaa mzima unamkingia kifua. Katikati ya hangaiko hilo Antonio anampiga kofi mwanawe, kisha kwa majuto anamwingiza mgahawani na kuagiza chakula wasichokimudu. Hatimaye, nje ya uwanja wa mpira wenye mamia ya baiskeli zilizoegeshwa, anaiona moja imesimama peke yake mlangoni. Anamwambia mtoto apande tramu arudi nyumbani, naye anaiba. Anakamatwa baada ya mita chache. Bruno, ambaye tramu ilimwacha, anaona yote: baba anavutwa, anapigwa, kofia inaanguka. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto anayelia, anasita, kisha anawaambia watu wamwache aende zake. Baba na mwana wanaondoka wakiwa wamechanganyika na umati, na mtoto anaushika mkono wa baba yake. Baiskeli haipatikani, na filamu inakwisha.

Kuna matendo mawili ya wema katika dakika hizo, na hakuna hata moja linalotatua chochote. Kesho Antonio hana kazi. Lakini ni vigumu kutaja tukio lingine la sinema linalomfanya mtu awe na matumaini zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba mwenye baiskeli alikuwa na haki ya kumpeleka polisi, na aliiachia haki hiyo kwa sababu ya uso wa mtoto asiyemjua. Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Kufikia hapo mtazamaji mwenyewe ameshataka Antonio aibe. Ameihesabu njaa ya nyumba ile, ameona baiskeli mia tano na mtu mmoja asiye nayo, na moyoni amemruhusu. Msamaha unapotoka unamfikia na yeye. Na Bruno, aliyemwona baba yake akivuliwa heshima hadharani, anaendelea kumtambua kuwa baba. Familia hii inabaki ya watu waaminifu hata baada ya wizi, kwa sababu filamu imeonyesha wizi ule ulivyo mgeni kwao.

Mwaka 1950 kijana mchoraji wa matangazo ya biashara kutoka Kolkata, Satyajit Ray, alitumwa London na kampuni iliyomwajiri. Huko akaitazama filamu ya De Sica, akarudi India akiwa ameamua kutengeneza ya kwake kwa njia hiyohiyo: mahali halisi, mwanga wa jua, watu wengi wasio waigizaji. Pather Panchali ilichukua karibu miaka 3 kukamilika, kwa sababu fedha zilikuwa zikiisha kila mara. Ray aliweka dhamana bima yake ya maisha, vito vya mkewe vikaenda rehani, na mwishowe serikali ya jimbo la West Bengal ndiyo iliyomalizia gharama. Filamu ilitoka mwaka 1955, na mwaka uliofuata ikatunukiwa katika tamasha la Cannes.

Mchango wa Ray ulikuwa kukataa kuwafanya maskini wake watakatifu. Sarbajaya, mama wa nyumba, ni mkali. Mumewe Harihar ni mtu wa ndoto asiyeweza hata kudai mshahara wake, na shida zote zinamwangukia mke. Hasira zake anazimalizia kwa Indir, bibi kizee ndugu wa mume anayekula kwenye chungu chake. Anamfukuza, na bibi huyo, aliyechezwa na Chunibala Devi akiwa na umri wa karibu miaka 80, anakwenda kufia msituni. Ni jambo baya, na filamu hailifichi. Hata hivyo mtazamaji hawezi kumchukia Sarbajaya, kwa sababu ameona kila punje ya mchele aliyoigawa.

Halafu kuna mkufu. Binti wa nyumba, Durga, ametuhumiwa na jirani kuuiba mkufu wa shanga, amekana, na mama yake amempiga kwa aibu aliyoiona. Durga anaugua homa baada ya kunyeshewa mvua na kufariki. Wakati familia inafungasha ili kuhama kijiji, mdogo wake Apu anakuta mkufu umefichwa kwenye kifuu cha nazi juu ya rafu. Anatoka mbio, anautupa bwawani, na magugu ya majini yanajikusanya tena polepole juu ya pale ulipozama. Mtoto wa miaka michache ameamua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hakuna atakayejua kosa la dada yake. Mwongozo wa maadili ungemtaka mtoto arudishe mali ya watu. Ray anaonyesha upendo uliochagua heshima ya marehemu, na anamwachia mtazamaji aupime mwenyewe.

Kati ya kazi zote za aina hii, huenda iliyo wazi zaidi ni ya Iran: Bacheha-ye Aseman, Watoto wa Mbinguni, iliyoongozwa na Majid Majidi mwaka 1997. Ilitengenezwa kwa fedha za Kanoon, taasisi ya umma ya malezi ya watoto na vijana iliyowakuza waongozaji wengi wa nchi hiyo, akiwemo Abbas Kiarostami. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Iran kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni.

Ali, mvulana wa shule ya msingi kusini mwa Tehran, ametumwa kupeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi. Akiwa gengeni kununua viazi, mzee kipofu anayekusanya vitu vilivyotupwa anavichukua bila kujua. Kodi ya nyumba haijalipwa, mama ni mgonjwa, na Ali anajua kwamba kumwambia baba ni kumwongezea deni. Watoto hao wawili wanapanga siri kwa kuandikiana daftarini huku wazazi wakiwa chumba hichohicho: Zahra atavaa raba za Ali asubuhi, atatoka shuleni mbio, watabadilishana uchochoroni, na Ali atakimbia nazo kwenye zamu ya mchana. Karibu filamu nzima ni mbio hizo. Raba ni kubwa kwa Zahra na zinachakaa, na siku moja kimoja kinamtoka mguuni na kuchukuliwa na maji ya mfereji, naye anakifukuza akilia.

Tukio linaloshika kiini cha filamu hii ni dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulipita. Jioni, baba ameketi sakafuni akivunja mabonge ya sukari aliyokabidhiwa kwa ajili ya shughuli ya msikitini. Rundo jeupe limejaa kwenye kitambaa mbele yake. Zahra anamletea chai, na baba anamwagiza sukari. Mtoto anashangaa: si sukari ndiyo hiyo? Baba anamjibu kwamba ile ni amana, si yao, na anangoja aletewe ya nyumbani. Hakuna muziki unaopandishwa wala uso unaosogezwa karibu ili kumwambia mtazamaji kwamba hapa pana somo. Ni mtu tu anayekunywa chai bila kugusa cha watu. Lakini baada ya hapo mwenendo mzima wa watoto unaeleweka. Siku Zahra anapoviona viatu vyake miguuni mwa msichana mwingine shuleni, yeye na Ali wanamfuata hadi kwao, wanajibanza, na kuona baba wa msichana ni kipofu anayetoka na kibao chake cha biashara. Watoto wanatazamana na kuondoka kimya. Wamekwishaona kwamba walioshika viatu hivyo wana shida kuliko wao, na kwa watoto waliolelewa kando ya rundo lile la sukari hilo linatosha.

Mwisho wa filamu hiyo umebuniwa kwa ustadi mkubwa. Ali anaingia mbio za shule kwa sababu zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba, anayotaka kumpa dada yake. Anakimbia akijipima asitangulie sana, anaangushwa, anainuka, na katika msukumano wa mwisho anashinda. Wote wanampongeza naye analia. Nyumbani Zahra anamwona hana kitu na kuondoka. Mtazamaji, hata hivyo, ameshaonyeshwa kwa sekunde chache baiskeli ya baba ikiwa njiani kurudi nyumbani, na juu yake jozi mpya za viatu. Watoto hawajui. Majidi amempa mtazamaji furaha na kuwanyima wahusika, na kwa hiyo wema wao unabaki bila malipo yoyote wanayoyafahamu hadi picha ya mwisho.

Umaskini si sharti la filamu hizi. Katika Tokyo monogatari ya Yasujirō Ozu, iliyotoka mwaka 1953, wazee wawili kutoka Onomichi wanakwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mwana wa kwanza ni daktari, binti ana saluni, na wote wana shughuli nyingi. Hawana ukatili. Wanawapeleka wazazi kwenye hoteli ya bei nafuu huko Atami ili wawaondoe nyumbani kwa muda, na kelele za wageni wengine zinawanyima wazee usingizi. Anayewapokea kwa moyo ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani, ambaye hana wajibu tena kwao. Anaishi chumba kimoja. Wakwe wanapofika, anakwenda kwa jirani kuazima sake na vikombe, anaagiza chakula, na kumpepea mzee kwa upepeo wakati anakula. Ozu aliweka kamera chini, usawa wa mtu aliyeketi kwenye mkeka, na kuiacha itulie, kwa hiyo mtazamaji anakuwa mtu wa nne chumbani. Mama mkwe anapofariki na mzee anapomsifu Noriko kwa wema wake, Noriko anakana. Anakiri kwamba siku nyingine zinapita bila kumkumbuka mumewe. Ungamo hilo linaukamilisha wema wake, maana linaonyesha kwamba alitenda yote yale akiwa na moyo wa upweke na mashaka kama wa mtu yeyote.

Marekani ilileta swali la mwisho mwema. It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946, inajulikana kwa tukio lake la mwisho, watu wa mji wakimiminika nyumbani kwa George Bailey na fedha za kumwokoa. Wengi huikumbuka kama filamu tamu ya Krismasi. Ikitazamwa upya, ni kali kuliko sifa yake. George anaendesha chama kidogo cha akiba na mikopo ya nyumba. Siku wanachama wanapokimbilia kutoa fedha zao, yeye na mkewe Mary wanatoa dola 2,000 za fungate yao na kuwagawia ofisini. Mmoja anadai dola zake zote 242, na anapewa. Wengine wanapunguza madai, na mama mmoja anaomba dola 17 na senti 50 tu. Tajiri Potter, anayeficha dola 8,000 zilizopotea mikononi mwa mjomba wa George, haadhibiwi kamwe. Mwaka 1947 maofisa wa FBI waliiorodhesha filamu hiyo katika ripoti kuhusu ukomunisti Hollywood, kwa jinsi ilivyomchora mwenye benki. Ilipotoka haikurudisha gharama zake. Ilipata umaarufu baada ya haki yake ya kunakili kuisha mwaka 1974 bila kuhuishwa, vituo vya televisheni vikaweza kuirusha bure kila Desemba. Furaha ya mwisho inakubalika kwa sababu imelipiwa kabla: watu wa mji wanarudisha, kwa sarafu, kile walichopewa siku ile ofisini.

Kwa upande mwingine wa nchi hiyohiyo, Charles Burnett alitengeneza Killer of Sheep katika mtaa wa Watts, Los Angeles, ikiwa kazi yake ya chuo kikuu, kwa chini ya dola 10,000. Ilikamilika miaka ya 1970 na haikupata usambazaji wa kawaida katika kumbi hadi mwaka 2007, kwa sababu ya haki za muziki uliotumika. Stan anafanya kazi machinjioni na hapati usingizi. Wanaume wawili wanakuja kumshawishi ashiriki uhalifu, na mkewe anawatimua barazani. Ananunua injini iliyotumika, anaipakia kwenye gari, nayo inaanguka na kupasuka gari linapoondoka. Hakuna wokovu unaokuja. Stan anaweka kikombe cha chai ya moto shavuni na kusema joto lake linamkumbusha mapenzi, kisha Jumatatu anakwenda kazini.

Ndugu wawili wa Ubelgiji, Jean-Pierre na Luc Dardenne, walilipeleka suala la bei hadi kwenye hesabu kamili. Katika Deux jours, une nuit ya mwaka 2014, Sandra atapoteza kazi iwapo wengi wa wenzake 16 hawatakubali kuacha bonasi ya euro 1,000 kila mmoja. Wikendi moja anagonga mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mlango una familia yenye sababu zake: ada ya shule, ukarabati wa nyumba, mume aliyeachishwa kazi. Hakuna mbaya miongoni mwao. Mmoja anaangua kilio uwanjani kwa aibu ya kupiga kura dhidi yake. Kura zinagawanyika sawa, na bosi anampa Sandra njia: atarudishwa kazini mkataba wa kibarua mmoja utakapoisha bila kuhuishwa. Kibarua huyo alikuwa amempigia kura yeye. Sandra anakataa, anatoka nje, anampigia simu mumewe akiwa mtu mwingine kabisa kuliko yule aliyekuwa akimeza vidonge Ijumaa. Hirokazu Kore-eda wa Japani, kwa Manbiki Kazoku iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 2018, alipindua hata sharti la uaminifu: familia yake inaiba madukani na haina uhusiano wa damu, lakini ndiyo inayomwokota mtoto anayeteswa kwao na kumpa chakula cha moto.

Pingamizi dhidi ya filamu hizi limekuwepo tangu mwanzo, na limetoka pande mbili. Watawala na watu mashuhuri wamelalamika kwamba zinaianika nchi. Mwaka 1952 Giulio Andreotti, aliyesimamia masuala ya sinema serikalini Italia, alimshutumu De Sica hadharani kwa sababu ya Umberto D., kisa cha mzee wa pensheni na mbwa wake. Mwaka 1980 mwigizaji Nargis, akiwa mbunge India, alimlaumu Ray kwa kuuza nje umaskini wa nchi yake. Upande wa pili hulalamika kinyume chake: kwamba picha ya maskini mvumilivu anayekunywa chai bila sukari huwafurahisha wenye nacho na kuwatuliza wasio nacho. Lawama hii ya pili ndiyo nzito. Filamu nyingi dhaifu za mkondo huu zinastahili kulaumiwa hivyo, hasa zile ambazo umaskini ndani yake hauna chanzo, umeshuka tu kama mvua. Zilizo bora zina kinga. De Sica anaonyesha rafu za rehani. Majidi anampeleka Ali na baba yake kwa baiskeli hadi mitaa ya matajiri ya kaskazini mwa Tehran, wakabonyeza kengele kwenye mageti marefu kutafuta kazi ya bustani, na mtazamaji anajionea umbali ulivyo kati ya nyumba na nyumba ndani ya mji mmoja. Kumwonyesha mtu akiwa mwema ndani ya dhuluma hakuihalalishi dhuluma, mradi kamera isigeuze uso.

Wanasaikolojia nao wameichunguza hisia ya kuguswa na wema. Jonathan Haidt wa Marekani alieleza mwaka 2000 hisia inayomjia mtu anapoona tendo la wema usiotarajiwa: joto kifuani, machozi, hamu ya kuwa bora. Mwaka 2010 Simone Schnall na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walioonyeshwa video ya kuinua moyo walijitolea kumsaidia mtafiti kazi ya kuchosha kwa muda wa karibu mara mbili ya walioonyeshwa video ya kuchekesha au ya kawaida. Ni matokeo ya saa moja maabara, na hayasemi kitu kuhusu mwezi ujao. Yanathibitisha tu kwamba machozi ya ukumbini yanaweza kufika hadi mikononi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilizijua filamu za aina hii kupitia India. Kwa miongo kadhaa kumbi za Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa zilijaa familia nzima zilizokwenda kutazama filamu za Kihindi, na Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa sana. Radha, aliyechezwa na Nargis huyohuyo, anakataa kuuza heshima yake kwa mkopeshaji ingawa wanawe wana njaa, na baadaye anampiga risasi mwanawe mpendwa anapomteka msichana wa kijijini. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Jembe, deni na mtoto anayelia havikuhitaji mkalimani. Baadaye wafasiri wa vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani, walikuja kusimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, na hadithi za ukoo na uaminifu zikawafikia waliokosa nauli ya kwenda ukumbini.

Kazi za eneo lenyewe zimefuata. Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016, inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyeinuliwa na mchezo wa sataranji. Moyo wa filamu, hata hivyo, ni mama yake, Harriet, aliyechezwa na Lupita Nyong'o: mjane muuza mahindi anayemkatalia kila mwanamume mwenye fedha na masharti, na anayeuza kitambaa cha thamani alichoachiwa na mama yake ili mtoto apate mafuta ya taa ya kusomea. Mwishoni waigizaji wanasimama kando ya watu halisi waliowaigiza, na wema uliokuwa hadithi kwa saa mbili unapata uso wa mtu anayeishi.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyooneshwa kwanza katika tamasha la Berlin mwaka 2018, inakwenda mbali zaidi. Jo, msichana wa Kenya mwenye ugonjwa usiotibika, anaota kuwa shujaa wa sinema. Dada yake Mwix anakishawishi kijiji kizima kiigize kwamba ana nguvu za ajabu: wachezaji wa mpira wanaganda uwanjani kwa ishara ya mkono wake. Jo si mjinga na anajua wanaigiza. Anachotaka ni kutengeneza filamu, na wakulima, wachuuzi na watoto wanaacha shughuli zao kushona mavazi na kushika kamera. Mama ndiye anayepinga. Anataka binti apumzike ndani, kwa sababu kila saa anayokaa na wanakijiji ni saa ambayo mama hataipata tena, na siku zimehesabiwa. Filamu haimkosoi kwa hilo, inampa muda. Anapofungua mlango na kumwacha Jo atoke, yeye ndiye anayelipa kuliko wanakijiji wote.